Mashahidi wa Vizuizini

Jaalia una mgonjwa nyumbani kwako, na hospitali iko mwendo wa robo saa tu. Njiani pana kijana wa miaka kumi na tisa mwenye bunduki, na yeye ndiye mwenye kuamua kwamba utapita sasa hivi, au baada ya saa tatu, au utarudi ulikotoka. Wala hana haja ya kukwambia sababu. Hayo ndiyo maisha ya Wapalestina wa Ukingo wa Magharibi, nchi iliyotwaliwa na Israeli katika vita vya Juni 1967.

Vizuizi hivi havikuzuka vyote siku moja. Kwa miaka mingi watu wa huko waliingia Baitul-Muqaddas kwa ruhusa ya jumla. Januari 1991 ruhusa hiyo ikafutwa, kila mtu akatakiwa awe na kibali chake mwenyewe, na Machi 1993 njia zikabanwa zaidi. Ilipoanza Intifadha ya pili, Septemba 2000, vizuizi vikaota hata baina ya kijiji na shamba lake. Mwanzoni mwa 2020 Umoja wa Mataifa ulihesabu vipingamizi 593, vyenye askari na visivyo na askari, pamoja na malango na vifusi vya udongo. Miaka mitatu baadaye vikawa 645. Wazee wetu wa Kenya waliotembea na kipande shingoni hawahitaji kuelezwa maana ya kuombwa karatasi katika nchi yako.

Serikali ya Israeli husema vizuizi vimewekwa kuzuia mashambulio, na kweli katika miaka ile mabomu yaliua raia wengi katika miji yake. Lakini tazama waliobeba mzigo. Baina ya Septemba 2000 na mwisho wa 2004 wajawazito zaidi ya 60 walijifungulia vizuizini, na zaidi ya nusu ya watoto wao walikufa. Katika mji wa Nablus kuna nyakati wanaume wote wa umri wa miaka 16 hadi 35 walikatazwa kutoka, awe mwanafunzi, awe bwana harusi.

Basi mwanzoni mwa 2001 wanawake watatu wa Kiisraeli walikwenda kusimama kizuizini kutazama. Wakajiita Machsom Watch; machsom kwa Kiebrania ni kizuizi. Miaka michache baadaye walikuwa mamia. Wanaume hawakukubaliwa. Wengi wao walikuwa wa makamo au vikongwe wenye wajukuu, na aghalabu watoto wao wenyewe walipita jeshini, kwani huko jeshi ni lazima kwa vijana wa kiume na wa kike. Wakienda wawili wawili au watatu, zamu ya alfajiri na zamu ya alasiri, huko Qalandia kwenye njia ya Ramallah, Huwara na Beit Iba kando ya Nablus, na Baytul-Lahm. Kazi yao ilikuwa kuandika: foleni ina watu wangapi, nani amewekwa kando juani na tangu saa ngapi, askari amesema neno gani. Mtu akizuiliwa bila sababu walimpigia simu ofisa. Mara nyingine simu ile ilimfungulia njia. Mara nyingi haikumfungulia. Jioni waliitangaza ripoti kila mwenye kutaka aisome.

Mnamo Novemba 2004, huko Beit Iba, mmoja wao alipiga picha za video za kijana wa Kipalestina aliyesimama mbele ya askari akipiga fidla, na watu nyuma yake wakingoja. Kijana alisema aliamrishwa. Jeshi lilifanya uchunguzi likasema hakulazimishwa. Picha ile ilitikisa Israeli kuliko habari za vifo vingi, kwani iliwakumbusha Mayahudi wenziwe walioamrishwa kupiga muziki katika kambi za Wajerumani. Sisi watu wa pwani, ambao fidla tumeizoea katika taarabu za harusi, twaweza kupima udhalili wa chombo cha furaha kupigwa pale.

Wenyewe kwa wenyewe walikhitilafiana. Baadhi yao walisema: Tukileta maji na kumsihi askari awe mpole, je, hatumsaidii kukipamba kizuizi kisichofaa kuwapo kabisa? Wengine wakajibu kwamba mwenye mtoto mgonjwa hawezi kungoja siasa zitengenee. Kwa maoni yangu wote wawili walisema kweli, na ndiyo maana ugomvi huo haukwisha. Mitaani kwao walitukanwa, wakaitwa wasaliti. Kutoa ushahidi juu ya watu wako mwenyewe ni jambo zito, na sisi tuliosoma Sura An-Nisaa tumekwisha kutajiwa uzito huo, ingawa sijui ni wangapi miongoni mwetu wameubeba.

Linganisha sasa na watazamaji wa Al-Khalil. Februari 1994, alfajiri ya Ramadhani, mlowezi wa Kiyahudi aliwapiga risasi Waislamu katika Msikiti wa Ibrahimu wakiwa katika sala, akaua 29. Dunia ikataka watazamaji wawekwe, na tangu 1997 walikuwako bila kukatika: watu kutoka Norwe, Denmaki, Swideni, Italia, Uswisi na Uturuki, wenye sare, magari na mishahara. Wawili kati yao waliuawa Machi 2002. Waliona mengi wakayaandika yote, illa ripoti zao zilikuwa za siri, zikipewa Israeli, Wapalestina na serikali zile sita tu. Muda wao ulitiwa saini upya kila miezi sita. Januari 2019 Waziri Mkuu Netanyahu alikataa kutia saini, wakafungasha wakaenda zao.

Wale wanawake hawakuwa na saini ya mtu ya kungojea. Beit Iba askari waliondolewa 2009. Qalandia ilijengwa upya 2019, ikawa na mashine za kutambua nyuso, na foleni ya vibarua ikapungua. Kibali kikabaki palepale. Ramadhani ya 2024, aliyetoka Ukingo wa Magharibi kwenda kusali Ijumaa Msikiti wa Aqsa alitakiwa awe na kibali, na mwanamume awe amepita miaka 55, mwanamke miaka 50. Kijana aliyemleta babake hadi pale alimwachia langoni, akamtazama akiingia.