Samaki Katika Chombo cha Kioo

Mtu afugaye samaki nyumbani kwa mara ya kwanza huwa na haraka. Hununua chombo cha kioo asubuhi, hukijaza maji adhuhuri, na jua halijachwa samaki wamekwisha tiwa ndani. Baada ya siku chache samaki huanza kutweta juu ya maji, na pengine juma haliishi ila wawili watatu wamekufa. Mwenyewe hushangaa, kwa kuwa maji yang'aa kama machozi. Sababu ya vifo hivyo iliwachukua wanadamu muda mrefu kuijua.

Wachina walifuga samaki wa dhahabu katika mabwawa na mitungi karne nyingi kabla ya Wazungu kujua jambo hilo. Samaki hao walipofika Ulaya waliwekwa katika mabakuli ya kioo, na maji yao yalikuwa hayana budi kubadilishwa mara kwa mara. Nani basi angeweza kufuga viumbe wa baharini, naye akaa mbali na pwani? Mwaka 1846 bibi mmoja aitwaye Anna Thynne alichukua wanyama wadogo wa matumbawe kutoka Torquay, kusini-magharibi mwa Uingereza, akaenda nao London. Maji ya chumvi yalikuwa adimu, hata ikambidi atumie yale yale. Kila siku yalimiminwa kutoka chombo hiki hadi kile, mbele ya dirisha lililo wazi, kwa nusu saa au zaidi, ili yapate hewa. Aliyeyamimina hakuwa bibi mwenyewe bali mtumishi wake wa kike, na mimi naona ni haki mikono yake ikumbukwe pia. Baadaye bibi huyo alitia mwani ndani ya maji, na taabu ikapungua.

Wakati huo ilikuwa imekwisha julikana, tangu Ingenhousz alipoandika mwaka 1779, kwamba majani mabichi yakipata mwanga hutoa hewa ifaayo kwa pumzi za wanyama. Mkemia wa London, Robert Warington, alitaka kuona kama jambo hilo litatosha kuwahifadhi samaki. Mwaka 1849 alitwaa chombo cha galoni 12, yaani lita zipatazo 54, akatia mchanga, mawe, jani la majini na samaki wawili wadogo wa dhahabu. Mambo yalikwenda vema kwanza. Kisha majani makuukuu yakaanza kuoza, maji yakachafuka, na utando wa kijani ukashika kioo. Warington hakuyamwaga maji yale. Alitia konokono wachache wa bwawani, nao wakala uchafu ule wote; na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Mwaka 1850 akawaeleza wanakemia wenzake alivyoona.

Lakini Warington alikuwa na wasaidizi wengine asiowaona. Samaki hutoa amonia, hasa katika matamvua yake, na amonia ni sumu kwake. Mwaka 1890 Mrusi Sergei Winogradsky alifaulu kuwatenga bakteria waligeuzao sumu hiyo: baadhi yao huifanya nitriti, ambayo ni sumu vile vile, na wengine huifanya nitriti hiyo kuwa nitrati, isiyodhuru sana, ambayo mimea huila. Bakteria hao hukaa juu ya mchanga na mawe, nao huchukua majuma kadhaa kuzaana vya kutosha. Ndiyo maana chombo kipya, hata kiwe safi namna gani, ni cha hatari kuliko cha zamani. Mfugaji ajuaye hayo hutia samaki wachache kwanza, huwalisha kidogo, na hungoja. Maji yakiharibika hubadilisha sehemu tu, wala hausugui mchanga wake kwa sabuni. Maji ya bomba yenye klorini huyaacha wazi siku nzima au zaidi kabla ya kuyatumia.

Turudi nyuma kidogo. Kodi ya vioo ilikuwa imeondolewa Uingereza mwaka 1845, hata vioo vikawa rahisi. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse, mtaalamu wa viumbe, akatoa kitabu chake The Aquarium, chenye picha za rangi na maelezo ya kukusanya viumbe wa pwani. Watu walikisoma kwa shauku, wakapanda magari moshi kwenda baharini na ndoo na patasi. Walibandua viumbe miambani na kuvichukua nyumbani, ambako vingi vilikufa kwa sababu ile ile ya haraka. Kisha wakarudi kuchukua vingine.

Mwanawe Gosse, Edmund, alikuwa mtoto akifuatana na baba yake katika vidimbwi vile vya miambani. Mwaka 1907 aliandika katika kitabu chake Father and Son kwamba uzuri ule haukuwapo tena, kwa kuwa jeshi la wakusanyaji lilikuwa limepita. Baba yake aliishi hata akayaona hayo, na yalimtia uchungu, maana yeye ndiye aliyewafundisha njia.