Vumbi la Wenela

Kabla ya Uhuru wa Tanganyika, kijana wa Rungwe aliyetaka mahari upesi aliweza kwenda kuchimba dhahabu Lupa, huko Chunya, au kujiandikisha Wenela apelekwe Johannesburg. Wenela ni WNLA, shirika lililoanzishwa mwaka 1900 kuwatafutia vibarua wenye migodi wa Afrika Kusini. Mwaka 1913 lilikatazwa kuchukua watu wa kaskazini ya latitudo 22 Kusini, kwa jinsi nimonia ilivyokuwa ikiwamaliza. Miaka ya 1930 katazo likalegezwa, na baadaye Wanyakyusa wa Rungwe nao wakaingia mkumboni.

Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti Rungwe kati ya 1934 na 1938. Waliikuta jamii ambamo baba ndiye mwenye ng'ombe wa kumwoza mwanawe. Mshahara wa ugenini ulianza kuilegeza kamba ya mzee juu ya kijana. Walielezwa pia kwamba mtu akiwakosea jirani zake, manung'uniko yao, pumzi yao hasa, humletea baridi na homa. Tiba ilianzia kwenye kikao: kosa litajwe, watu wapatane. Wako wanaoicheka imani hiyo. Mimi naona iliuliza swali ambalo daktari wa mgodi hakuliuliza: nani kamkosea nani? Tatizo ni kwamba mwenye mgodi hakuwa jirani wa kuitwa kikaoni.

Mwamba wa Witwatersrand, eneo la migodi ya Johannesburg, umejaa madini ya silika. Ukitobolewa na kulipuliwa hutoa vumbi, na linaloua ni lile laini lisiloonekana kwa macho. Likizama mapafuni huacha makovu, pumzi ikapungua mwaka hadi mwaka. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa, na hukifungulia mlango kifua kikuu. Huweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi, mkataba umekwisha zamani, naye yuko kwao anashindwa kupanda kilima kwenda kwenye migomba yake. Mwanahistoria Randall Packard alionyesha mwaka 1989 jinsi wachimbaji wagonjwa walivyorudishwa makwao na kifua kikuu chao. Faida ilibaki mgodini. Uuguzi wakaachiwa wake na mama zao.

Sheria ya fidia ilikuwepo Afrika Kusini tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ila Mzungu alilipwa zaidi, na ubaguzi huo ukafutwa mwaka 1993 tu. Mwaka 2011 Mahakama ya Katiba iliwaruhusu wagonjwa kuyashtaki makampuni moja kwa moja; mwaka 2018 makampuni 6 yakakubali kulipa takriban randi bilioni 5. Wanaohusika ni waliofanya kazi migodini kuanzia Machi 12, 1965. Lakini Tanganyika ilikuwa imekwisha kuifungia milango Wenela mara baada ya Uhuru wa 1961. Kwa hiyo Mnyakyusa aliyevuta vumbi hilo miaka ya 1950 akarudi kwao hamo katika hesabu hiyo, wala mjane wake hamo.