Kukodi Jina la Kuku: Hesabu Kabla Shamba Halijauzwa

Wadau, huu mjadala hauishi hapa Misikhu: mbona majina makubwa ya kuku na chipsi yanaishia mijini tu? Sasa kuna vijana wamefika mahali pa kutaka kuuza kipande cha shamba la familia walete jina moja hapa stage. Hoja yao ni kwamba barabara ni ya Webuye kwenda Kitale, magari yanapita usiku na mchana, na kona ya Naitiri iko hapa hapa. Sipingi, wateja wapo. Lakini shamba likienda limeenda, kwa hivyo tuangalie kwanza hii biashara ilitoka wapi na pesa yake huishia kwa nani.

Wengi hudhani chakula cha haraka kilizaliwa ndani ya mall. Si kweli. Mwaka 1930, Harland Sanders, yule mzee wa ndevu nyeupe kwenye picha za KFC, alichukua kituo cha mafuta cha Shell huko Corbin, Kentucky, Marekani. Madereva wakisimama kuweka petroli, anawapikia. Hoteli hakuwa nayo, walikula kwenye meza yake mwenyewe. Yaani huyo kuku alianzia kando ya barabara, mahali kama hapa kwetu.

Baadaye Sanders akajenga hoteli kabisa. Kisha katikati ya miaka ya 1950 barabara kuu mpya ikapangwa kupita kando ya Corbin. Mwaka 1956 akauza mali yake kwa mnada na kubaki na pensheni ya dola 105 kwa mwezi. Kilichomwokoa ni kwamba tangu 1952 alikuwa ameanza kuwakodishia wengine mapishi na jina, wa kwanza akiwa Pete Harman wa Salt Lake City. Alichukua senti chache kwa kila kuku aliyeuzwa. Mwaka 1964 akauza kampuni kwa dola milioni 2.

Mtu ni yule yule, lakini hebu linganisha. Kama mwenye kiwanja, barabara ilipohama alipoteza karibu kila kitu. Kama mwenye jina, alitajirika. Hiyo ndiyo franchaizi: unakodi jina, na hasara ya mahali unabaki nayo wewe.

Njoo kwa Subway, iliyoanza 1965 huko Bridgeport, Connecticut. Hawa walisambaa kwa kukubali sehemu ndogo ndogo ambazo wengine hawakuzitaka: vituo vya mafuta, hospitali, vyuo. Ada ya kuingia kwa miaka mingi ilikuwa dola 15,000 tu, ndiyo maana watu wengi waliweza. Lakini kila wiki unatoa asilimia 8 ya mauzo, na nyingine 4.5 ya matangazo. Sikia vizuri, ni mauzo, si faida. Tuseme umeuza chakula cha shilingi 20,000 leo. Shilingi 2,500 imeshaondoka kabla hujalipa mpishi, mafuta, stima, kodi na kibali cha kaunti. Mvua ikinyesha siku nzima ukapata hasara, fungu lao liko pale pale.

Kuna waliofanya hesabu vizuri. Innscor ya Zimbabwe, iliyofungua Chicken Inn ya kwanza Harare mwaka 1987, ilipoingia Kenya iliweka maduka mengi kwenye vituo vya mafuta. Ujanja wao ni kupanga kuku, pizza na aiskrimu chini ya paa moja. Kodi moja, jenereta moja, na lori moja linashusha vyote. Duka moja peke yake Misikhu litagawana hizo gharama na nani?

Halafu kuna malighafi. KFC ilifungua Nairobi mwaka 2011 pale Junction. Januari 2022 ikaishiwa na chipsi kwa sababu meli zilichelewa, kwenye nchi ambayo viazi ni zao la pili la chakula baada ya mahindi! Wakenya walikasirika, na haki yao. Jibu lilikuwa kwamba viazi lazima vipitie ukaguzi wa kampuni. Ukikodi jina, hata kiazi kilichoshuka jana kutoka Mlima Elgon huwezi kukikata bila ruhusa.

Maoni yangu ni haya. Abiria hasimami kwa sababu ya jina peke yake. Anasimama kwa sababu anajua kuku wa leo atakuwa kama wa jana, choo ni safi, maji ya kunawa yapo, na mafuta hayajarudiwa wiki nzima. Hivyo vyote vinanunulika bila kumlipa mtu asilimia. Vijana wakodishe nafasi ndogo pale kwenye petroli, wanunue friza na jenereta, wapime kila sahani kwa mizani, waandike mauzo kila jioni kwa mwaka mzima. Wakiona hesabu inaweza kubeba ile 2,500 ya kila siku na bado wakala, basi waende wakakodi jina, tena na daftari mkononi.

Shamba lisiuzwe kabla ya hiyo daftari kujaa.