Jinsi madaktari wa meno wanavyojifunza kutumia skana ya kinywani

KWA miaka mingi, mgonjwa aliyehitaji taji la jino alilazimika kuuma kibao kilichojaa uji mzito na kusubiri ugande, huku akijizuia kutapika. Siku hizi kazi hiyo yaweza kufanywa na skana ya kinywani, kifaa mfano wa mswaki mnene ambacho humulika meno na kuunganisha picha nyingi kuwa umbo moja kwenye kompyuta.

Teknolojia hii si ngeni. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa kwa mtambo wa CEREC katika Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi, mwaka wa 1985, kutokana na juhudi za daktari Werner Mörmann na mhandisi Marco Brandestini. Wakati huo meno yalipakwa unga ili yasing'ae. Skana nyingi za sasa haziuhitaji.

Anayejifunza huanzia kwenye meno ya plasta, ambako hakuna mate wala ulimi. Somo la kwanza ni njia ya kupitisha mkono. Kila picha huunganishwa na iliyotangulia, hivyo mkono ukirukaruka mtambo hupotea. Aghalabu daktari huanzia juu ya gego la nyuma, akafuata sehemu za kutafunia hadi upande wa pili, kisha akapitia upande wa ulimi na ule wa shavu, ingawa kila mtengenezaji ana utaratibu wake. Meno ya mbele huwatatiza wengi kwa sababu ncha zake ni nyembamba. Isitoshe, makosa madogo ya kuunganisha picha hujilimbikiza, na ndiyo sababu taya zima ni gumu kuliko jino moja.

Kinywa cha mtu ni mtihani mwingine. Mate na damu hupotosha picha, nao mwanga haupenyi ufizi. Ukingo wa jino uliochongwa chini ya ufizi sharti ufunuliwe, mara nyingi kwa uzi maalumu, kama ilivyofanywa tangu zamani. Anayedhani mashine imemwondolea kazi hiyo amekosea.

Kosa baya zaidi halionekani upesi. Baadhi ya programu huziba mapengo ya picha kwa kukisia. Umbo hupendeza kwenye skrini, lakini taji likiletwa halikai sawasawa. Vijidudu hupenya ufani na jino likaoza chini kwa chini. Kwa hivyo mwanafunzi hufunzwa kuligeuza umbo pande zote, kufuta palipo na kasoro na kupiga picha upya kabla ya mgonjwa kuondoka kitini.

Tafiti miongoni mwa wanafunzi zimeonyesha kuwa muda wa kazi hupungua kadiri mazoezi yanavyorudiwa. Hata hivyo, wepesi si usahihi. Mgonjwa asiye na jino hata moja huwatatiza hata wazoefu, kwani ufizi laini hauna alama za kuongoza mtambo, na wengi wao bado humrudishia kibao cha uji.