Yatima wa Mtoni

Atokaye Mjini kwenda Bububu huyapita, upande wa pwani, magofu ya Kasri la Mtoni. Humo alizaliwa Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, mwaka 1844. Mwaka 1856 jamaa walikuwa wakimngojea baba yao arejee kutoka Omani; kumbe amekwishafariki chomboni, karibu na Shelisheli. Barghash, aliyekuwa naye safarini, akamzika usiku kwa siri. Salme alikuwa na miaka 12. Mwaka 1859 kipindupindu kikamchukua na mamaye, Jilfidan. Baadaye binti huyo alihamia Bububu, na mwaka 1866 akaondoka Unguja.

Misiba hiyo aliisimulia katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Kuandika alijifunza mwenyewe, kwa kificho, akinakili aya za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Lakini alimwandikia nani? Aliwaandikia wanawe watatu, ambao nao walifiwa na baba huko Hamburg mwaka 1870. Ndiyo maana sauti ya mtoto wa Mtoni haikuzimwa na ya mama anayesimulia: yatima alikuwa akisema na mayatima. Bahari iliwatenga na makaburi ya Unguja, akawarithisha masimulizi.