Ujumbe wa Malaika Katika Milima ya Pare

Mwaka 1903 wamisionari wawili wa Kanisa la Waadventista Wasabato, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walipanda milima ya Upare ya Kusini wakajenga makao yao Giti, katika nchi ya Mamba. Mahali hapo walipaita Friedenstal, yaani Bonde la Amani. Walutheri wa Misheni ya Leipzig walikuwa wamekwisha kuanza kazi upande wa kaskazini, Shigatini katika Usangi, na baadaye wakafika kusini pia, Mbaga na Gonja. Hivyo amani, ambayo ni neno la katikati katika wimbo wa malaika uliomo ndani ya Injili ya Luka, ilifika milimani kwanza kama jina la kiwanja, nayo ilifika kwa Kijerumani. Miaka kumi na mitatu tu ilipita, na mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yalishuka kando ya reli ya Tanga na Moshi, yakapita Same yakiwafukuza Wajerumani kuelekea kusini. Jina la Bonde la Amani halikulindwa na maana yake.

Habari yenyewe inajulikana. Wachungaji wako kondeni usiku, malaika anawatokea, anawaambia wasiogope, maana anawaletea habari ya furaha, kisha wingi wa malaika wanamtukuza Mungu na kutaja amani ya duniani. Maneno ya wimbo ni machache mno, lakini kila moja lina historia ndefu, na mfasiri anayeyahamisha katika lugha nyingine hana budi kuchagua njia mahali ambapo asili yake ina njia mbili. Kwa watu wa Pare uchaguzi huo ulifanywa mara tatu au nne, na watu mbalimbali, kwa Chasu na kwa Kiswahili, wala matokeo hayakuwa sawasawa.

Yafaa kuanza na hofu, maana malaika mwenyewe ameanza hapo. Katika milango miwili ya kwanza ya Luka katazo la kuogopa limekuja mara tatu: kwa Zakaria, kwa Mariamu na kwa wachungaji. Ni kawaida ya maandiko ya Kiyahudi kwamba mjumbe wa Mungu akitokea, mwanadamu hutetemeka, na mjumbe humtuliza kabla ya kusema neno lolote jingine. Hofu hiyo ni ya mtu aliyekutana na ukuu, na Kiswahili kina neno lake la asili, kucha, ambalo limebaki zaidi katika kumcha Mungu, ingawa katika usemi wa kila siku limesukumwa kando na kuogopa na hofu. Lakini wamisionari wa Upare walikuwa na hofu nyingine akilini. Ernst Kotz, Msabato aliyejifunza Chasu akatoa sarufi ya lugha hiyo mwaka 1909 na kushughulika na kufasiri Agano Jipya, aliandika pia kitabu juu ya mila za Wapare, kikatoka mwaka 1922. Na jina alilokipa lilikuwa na maana ya Katika Kifungo cha Hofu. Jakob Janson Dannholz, Mlutheri wa Mbaga, alikuwa ametangulia mwaka 1916 kwa kitabu chake kilichosema kwamba Wasu wamefungwa na imani ya mizimu. Vitabu viwili vya watu wa madhehebu mbalimbali, na majina karibu mamoja.

Haikuwa bahati tu. Waandishi hao wote wawili walikuwa wachunguzi makini, na bila kazi yao mambo mengi ya Upare ya zamani yasingejulikana leo. Ila walikwisha kuamua kwamba dini ya wenyeji ni hofu, basi neno la malaika kwa wachungaji likawa kwao ni kama agizo lililoandikwa mahsusi kwa watu wa Pare: msiogope mizimu, msiogope laana, msiogope misitu mitakatifu ya mpungi ambamo koo zilikutana na wazee wao waliokufa. Kwa kusoma hivyo walipunguza upande mmoja wa jambo. Mzee wa ukoo aliyeweza kulaani aliweza pia kubariki, na mate yale yale, ambayo kwa Chasu huitwa lute, yalitumika katika baraka. Ajabu ni kwamba kitabu cha Dannholz kilipotolewa upya mwaka 1989 katika lugha nyingine, jina la kifungo liliachwa, kikaitwa Lute, pamoja na maneno ya laana na baraka. Jina la pili linaelekea zaidi ukweli wa yaliyomo. Wanahistoria I. N. Kimambo na C. K. Omari, walipoandika mwaka 1972 juu ya fikira za dini na mahali pa ibada kwa Wapare, walionyesha kuwa ibada hizo zilikuwa mpango wa kuunganisha koo na utawala, tena zikibadilika pamoja na historia ya nchi. Hapo hofu ni sehemu moja tu.

Habari ya furaha nayo ina njia yake. Luka ametumia kitenzi cha Kiyunani ambacho ndicho mzazi wa neno Injili, lililopita Uhabeshi na Uarabuni kabla ya kufika pwani ya Afrika ya Mashariki. Waarabu wana kitenzi kingine kwa maana hiyo hiyo, nacho ndicho chanzo cha maneno ya Kiswahili kubashiri na bishara. Kurani, katika sura ya Aali Imran, inasimulia malaika wakimpa Mariamu bishara ya mtoto, kwa kitenzi hicho. Wafanyabiashara wa pwani walipita chini ya milima kwa njia ya misafara itokayo Pangani katika karne ya kumi na tisa, na Uislamu ukaota mizizi Upare ya Kaskazini; kwa hiyo kuna Wapare waliosikia malaika akitoa bishara kwa njia ya chuo cha Kurani, na wengine kwa njia ya shule ya misheni. Leo kubashiri katika Kiswahili cha kawaida kumekuwa ni kutabiri yatakayokuja, mvua au matokeo ya mchezo, na bishara imekaribia kuwa ni dalili. Kiswahili kimepoteza kidogo hapo, maana malaika wa Luka hatabiri; analeta habari ya jambo lililokwisha kutokea usiku ule ule.

Hata neno malaika limegeuka njiani. Katika lugha za Kisemiti asili yake ni kutuma. Malaika ni mtumwa aliyepewa ujumbe, wala si lazima awe na mabawa. Mswahili amelipokea, kisha akaliongezea maana mbili za kwake: malaika ni vinyweleo laini vya mwilini, na malaika ni mtoto mchanga. Msikilizaji wa habari ya Bethlehemu kwa Kiswahili ana malaika wa juu na malaika wa horini kwa neno moja, jambo ambalo Myunani hakulipata.

Sasa amani. Neno hili limetoka Uarabuni, kwenye shina la usalama na uaminifu. Katika sheria ya Kiislamu amani ni ahadi ya ulinzi apewayo mgeni au adui ili apite bila kudhuriwa. Ndugu wa kweli wa neno la Kiebrania la amani ni salamu, lakini salamu katika Kiswahili imekwenda kukaa katika kuamkiana. Karl Roehl, Mjerumani aliyetoa Agano Jipya mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937, akisaidiwa na Martin Nganisya na Andrea Ndekeja, hakuridhika na neno lolote kati ya hayo mawili. Yeye aliona kwamba Kiswahili cha Biblia kimelemewa na Kiarabu, akataka kukirudisha kwenye asili yake ya Kibantu. Na mahali pa amani akaandika utengemano. Canon G. W. Broomfield alimpinga vikali katika jarida la Africa mwaka 1930 na 1931, akisema kwamba maneno ya Kiarabu yamekwisha kuwa Kiswahili, na kuyafukuza ni kuwanyang'anya watu lugha yao.

Hukumu ya wasomaji ilikwenda kwa Broomfield. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 ina amani, na utengemano leo hausikiki ila kwa wazee na kwa wachunguzi. Hata hivyo Roehl hakustahili kuchekwa kama alivyochekwa. Kutengemaa ni kukaa sawa baada ya kuyumba: mgonjwa hutengemaa, nchi hutengemaa baada ya njaa au vita, nyumba hutengemaa. Neno la Kiebrania lililo nyuma ya wimbo wa malaika lina maana ya ukamilifu wa jambo lisilopungukiwa, nalo kwa upande huo liko karibu na kutengemaa kuliko na hati ya kupita salama. Alichokosea Roehl ni kudhani kwamba neno likitengenezwa vema litapendwa.

Neno la mwisho ndilo lenye mgogoro mkubwa. Hati za Kiyunani zimegawanyika kwa herufi moja. Zile nyingi za baadaye zina neno la radhi peke yake, ndipo wimbo unakuwa na sehemu tatu: utukufu juu, amani chini, na radhi kwa wanadamu. Martin Luther alifasiri hivyo, na kwa hiyo wamisionari wa Leipzig walikuja Upare na wimbo wa sehemu tatu vinywani mwao. Hati za kale zaidi, kama Sinaiticus na Vaticanus jinsi zilivyoandikwa mwanzo, zina herufi ya s mwishoni, nayo inafanya maneno yawe watu wa radhi. Katika hati hizo mbili herufi hiyo ilifutwa baadaye, lakini alama yake yaonekana. Kilatini cha Vulgata kilifuata hati za namna hii, ila kikawapa watu hao nia njema ya kwao wenyewe, na kwa karne nyingi Ulaya ya Magharibi iliimba kwamba amani ni ya wenye nia njema, kana kwamba ni ujira.

Mabishano yalipata nuru mpya baada ya mwaka 1947, hati za Kiebrania zilipopatikana katika mapango ya Qumran karibu na Bahari ya Chumvi. Katika tenzi za jamaa ile kuna usemi wa wana wa radhi yake, na radhi hiyo ni ya Mungu, si ya watu. Claus-Hunno Hunzinger alionyesha mapema katika miaka ya 1950 kwamba hapo ndipo penye mfano wa maneno ya Luka. Watu wa radhi ni watu ambao Mungu amewaridhia.

Hapo Kiswahili kina bahati isiyo ya kawaida. Shina la Kiebrania lililo katika tenzi za Qumran na shina la Kiarabu lililozaa radhi na kuridhia ni shina moja, lililotofautiana kwa sauti tu kwa kadiri ya sheria za lugha hizo. Wafasiri wa Biblia ya Muungano walipochagua kuridhia walirudi, kwa kujua au kwa kutojua, karibu kabisa na chemchemi. Kijerumani na Kiingereza haziwezi kufika hapo ila kwa kuzunguka. Tena Mswahili akisikia radhi hafikiri nia njema. Hufikiri radhi za wazazi, ambazo mtoto akizikosa hafanikiwi, na kinyume chake ni laana. Msikilizaji wa Kipare, aliyekua akijua kwamba neno la mzee laweza kufunga na laweza kufungua, hahitaji kuelezwa sana. Jambo ambalo Kotz na Dannholz waliliita kifungo ndilo lililowapa watu masikio ya kusikia sehemu ngumu kuliko zote za wimbo. Mfasiri aliyefukuza Kiarabu angelikuwa na kazi kubwa ya kupata neno lenye uzito huo.

Limebaki jambo moja, ambalo wahubiri mara nyingi hulipita haraka. Luka ameweka wimbo wa malaika ndani ya habari ya kuandikishwa kwa watu kwa amri ya Kaisari Augusto, na kuandikishwa kulikuwa ni kwa ajili ya kodi. Tarehe zake zina taabu, kwa kuwa hesabu ya Kirenio inayojulikana ni ya mwaka 6 baada ya Kristo, hali Herode alikwisha kufa mwaka 4 kabla yake. Lakini shabaha ya mwandishi ni wazi. Augusto ndiye aliyesifiwa kuwa mleta amani. Madhabahu ya Amani iliwekwa wakfu Roma mwaka 9 kabla ya Kristo, na maandishi ya Priene katika Asia Ndogo, ya mwaka huo huo, yanamwita mwokozi na kusema kwamba siku ya kuzaliwa kwake ni mwanzo wa habari njema kwa ulimwengu. Mwokozi, kuzaliwa, habari njema, amani: malaika wa Luka ametwaa maneno ya serikali akampa mtoto wa maskini. Nayo hesabu ile ya mwaka 6 ilizaa maasi ya Yuda Mgalilaya.

Watu wa Pare walilijua jambo hili kwa namna yao. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili serikali ya kikoloni ililetea wilaya yao kodi iliyoitwa mbiru, jina lililotoka katika desturi ya zamani ya kutoa ushuru kwa watawala, ambayo ilitaka mali ya kila mtu ikadiriwe na wakadiriaji. Mwezi wa Januari 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani wakaenda Same, makao ya wilaya, wakakaa huko kwa majuma mengi wakitaka kodi hiyo iondolewe; baadaye wanawake nao waliingia katika kuteta. Kimambo, aliyeandika habari hiyo mwaka 1971, amesisitiza kwamba haikuwa vita: watu walikaa tu, wakakataa. Wengi katika mkutano ule walikuwa Wakristo na Waislamu waliozoea kusikia habari za malaika. Biblia ya Kiswahili iliyokuwa mikononi mwa Walutheri wakati ule ilikuwa ya Roehl, na amani iliyotajwa humo ilikuwa utengemano. Serikali ya wakati huo nayo ilitaka amani, yaani utulivu wa watu waliokwisha kukadiriwa. Waliokaa uwanjani Same walitaka mambo yatengemae kwanza. Kodi hiyo hatimaye iliondolewa.