Neno la wiki: kovu

Kwenye malisho ya Masisi na msituni Walikale, kovu ni alama ya jeraha lililopona: panga liliteleza, ngozi ikafunga, habari ikaisha. Ndiyo maana neno hili hupotosha likihamia kwenye ini. Pombe, mafuta au virusi vya hepatitisi B vikiendelea kuliumiza ini, nyuzi ngumu za kovu huongezeka hadi sirosisi, yaani ini kujaa makovu. Chanzo kikiondolewa mapema, kovu laweza kupungua. Adiponektini, homoni ya tishu za mafuta iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 1995, inaonyesha kuwa mwili nao husaidia kuzuia kovu: panya waliozaliwa bila homoni hiyo, maini yao yakiumizwa kwa kemikali, hupata makovu mengi kuliko wenzao.

Utauliza, basi mnene ana kinga? La, mafuta ya tumboni yakizidi, homoni hiyo hupungua. Wengine watapendekeza “faibrosisi”, lakini neno hilo halimwelezi mgonjwa kitu. Tuseme “kovu linalokua”. Homoni yenyewe bado haijawa dawa hospitalini, ila jina “kovu linalokua” tayari linaonya na kutia moyo: kinachokua huweza kuzuiwa.